Herufi tisa za Kilithuania katika nukta nundu za kompyuta: tuzitunze vipi?

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba mwongozo wa wale waliozoea kutumia kompyuta kwa nukta nundu, hasa katika lugha zenye herufi ambazo Kiswahili hakina.

Nafundisha nukta nundu na matumizi ya kompyuta kwa wanafunzi wasioona hapa Mbeya. Binti mmoja niliyemfundisha amepata nafasi ya kusoma katika mji wa Kaunas nchini Lithuania, na ingawa masomo yenyewe yatakuwa kwa Kiingereza, ameazimia kujifunza Kilithuania kabla hajaondoka. Namuunga mkono kwa moyo wote, maana mwenzake anayeona ataokota maneno kwenye mabango ya madukani na vibao vya vituo vya basi bila hata kukusudia, ilhali yeye kila neno litamfikia ama kwa sikio ama kwa kidole, na sikio peke yake halifundishi tahajia.

Alfabeti ya Kilithuania ina herufi 32. Nyingi ni hizi hizi tunazozitumia, lakini tisa zina alama: ą, ę, į na ų zina kimkia chini; č, š na ž zina kikofia kilichopinduliwa juu; ė ina nukta juu; na ū ina kistari juu. Tunatumia NVDA, programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, pamoja na kifaa cha kusomea chenye seli 20, yaani nafasi 20 za nukta nane kila moja, na maandishi tunayapata kwa barua pepe kutoka kwa watu wa huko walio tayari kumsaidia.

Shida yetu ina sura tatu. Faili la kwanza ni la maandishi matupu, nalo linatoa herufi ngeni: neno ačiū, ambalo ni asante, mimi kwenye skrini naliona kama aèiû, naye chini ya vidole anakuta seli zisizolingana na chochote alichosoma. Waraka wa pili ni safi kabisa kwa macho yangu, lakini kwenye kifaa chake herufi nyingi zenye alama zinavunjika na kuwa msururu wa seli: anasoma a, kisha mkwaju wa kinyume, kisha x, kisha tarakimu 0328. Waraka wa tatu ulitumwa na mtu mwenye nia njema ambaye aliondoa alama zote kabla ya kuutuma, akiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumrahisishia msomaji.

Mwenzangu kazini anashauri tufuate njia ya huyo wa tatu, yaani a ibaki a na s ibaki s, mpaka binti atakapofika Kaunas na kusaidiwa na wenyeji. Moyo wangu unakataa, lakini ningependa kuwa na hoja na si moyo tu. Naomba pia kujua kama inafaa atumie jedwali la nukta sita au la nukta nane, na kama mwalimu anaruhusiwa kubuni mpangilio wake mwenyewe wa nukta kwa herufi hizi endapo hakuna uliopo.

Fundi wa Mafinga

Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa binti yetu.

Nianze na suala la kuondoa alama, kwa kuwa jibu lake liko wazi: tafadhali msiziondoe. Kwa Walithuania hizi ni herufi kamili, kila moja na mahali pake katika alfabeti. Kasti ni kuchimba, kąsti ni kuuma. Siusti ni kupandwa na ghadhabu, siųsti ni kutuma. Tena lugha hii hubadilisha mwisho wa nomino kulingana na kazi ya nomino hiyo katika sentensi, na mara nyingi tofauti yote imebebwa na kimkia: kutokana na namas, yaani nyumba, unapata namu nyumba inapokuwa ndiyo inayotumika kutendea jambo, na namų unapotaja kitu cha nyumba nyingi. Mwanafunzi akipewa namu mahali pa namų hajarahisishiwa chochote. Amepewa neno jingine, na hana njia ya kugundua kwa kuwa ushahidi wenyewe umefutwa kabla haujamfikia.

Niongeze jambo la historia linaloonyesha uzito wa herufi hizi kwa wenyewe. Kuanzia 1864 hadi 1904 Dola ya Urusi ilipiga marufuku kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini, ikitaka kiandikwe kwa herufi za Kisirili. Vitabu vikachapwa Prussia Mashariki na kuvushwa mpakani kwa siri, na waliovibeba walikamatwa, wakafungwa, na wengine wakapelekwa uhamishoni. Watu waliolipia alfabeti yao gharama ya namna hiyo hawatashangaa kuona msomaji wa Mbeya akizidai herufi zote tisa.

Sasa tuje kwenye mafaili. Ni muhimu kutenganisha hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kwanza kompyuta husoma baiti, yaani namba zinazounda faili, na kuamua kila baiti ni herufi gani. Kisha kisoma skrini huchukua herufi hiyo na kutazama katika jedwali ni nukta zipi ziinuliwe. Faili la kwanza limeharibika katika hatua ya kwanza, na hakuna jedwali la nukta nundu duniani litakaloliponya, kwa sababu herufi inayofika kwenye jedwali tayari ni è na wala si č.

Kilichotokea ni hiki. Kabla Unikodi, mpango mmoja wa namba za herufi za lugha zote, haijaenea, Windows katika nchi za Baltiki ilitumia usimbaji, yaani mpango wa kuipa kila herufi namba, uitwao Windows-1257, ambamo herufi 18 za Kilithuania zenye alama, kubwa na ndogo, zilipewa namba za juu ya 127. Kompyuta zetu, zikikutana na faili la zamani lisilojieleza, hulisoma kwa Windows-1252 ya Ulaya Magharibi. Baiti E8, ambayo Mlithuania aliiandika kama č, kwetu ni è. Baiti FB, ambayo kwake ni ū, kwetu ni û. Mkipanga herufi tisa zote kwa utaratibu wa ąčęėįšųūž, kosa hili huzigeuza kuwa àèæëáðøûþ. Nawasihi mwihifadhi mistari hiyo miwili mahali fulani, kwani ukiona ð na þ katikati ya maneno huna haja ya kubahatisha tena: fungua faili hilo kwa LibreOffice au Notepad++, chagua usimbaji wa Baltiki Windows-1257, kisha lihifadhi upya kwa UTF-8, ambayo ni njia ya kuhifadhi Unikodi kwenye faili. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na amri moja ya iconv.

Dalili nyingine ni pale ambapo herufi moja imekuwa mbili, ya kwanza ikiwa Ä au Å, mfano š kuonekana kama Å¡. Hapo faili ni la UTF-8 tayari, ila limesomwa kana kwamba si la UTF-8.

Lakini kosa ninalolihofia zaidi ni lile lisiloonekana kwa urahisi. Kuna usimbaji mwingine wa zamani, ISO 8859-4, ambao nao una herufi zote za Kilithuania lakini baadhi zimekaa kwenye namba tofauti. Č ndogo iko E8 kote kuwili, ila baiti FE ni ū katika ISO 8859-4 na ni ž katika Windows-1257. Mkichagua usio sahihi mtapata mchanganyiko: č inabaki sahihi, nyingine zinakuwa alama au herufi zisizo za Kilithuania, na nyingine, kama ū inayogeuka ž, zinakuwa herufi halali za Kilithuania mahali pasipo pake. Kosa hilo la mwisho mtu asiyejua lugha hawezi kuligundua kwa macho. Kwa hiyo mwombeni kila anayetuma atume UTF-8, na mwanzoni mwa faili aandike sentensi hii, ambayo Walithuania huitumia kujaribia herufi kwa kuwa ina herufi zao zote tisa zenye alama:

Įlinkdama fechtuotojo špaga sublykčiojusi pragręžė apvalų arbūzą.

Inahusu upanga wa mchezaji uliopinda, ukametameta na kutoboa tikitimaji la mviringo. Maana yake haina uzito hapa. Kinachotakiwa ni kwamba ikifika salama, na faili zima limefika salama.

Waraka wa pili una tatizo la aina nyingine. Unikodi inaruhusu ą iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja, U+0105, au kama a ya kawaida ikifuatwa na kimkia kinachojitegemea, U+0328. Kwa macho hazitofautiani. Kwa jedwali la nukta nundu ni vitu viwili, na Liblouis, ambayo ndiyo NVDA huitumia kutafsiri maandishi kuwa nukta, ikikutana na alama ambayo jedwali halikuitaja huandika namba yake badala ya kuimeza kimyakimya. Ndiyo maana binti anasoma mkwaju, x na 0328. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF huwa hivi mara nyingi. NVDA kuanzia toleo la 2024.3 ina chaguo la kusawazisha Unikodi kwa sauti na kwa nukta nundu. Liwasheni, na a yenye kimkia kilichoachana nayo itarudi kuwa ą moja. Kamusi zitabaki na mambo yake, kwa sababu huongeza alama za mkazo, hata juu ya r na l, na baadhi ya michanganyiko hiyo haina herufi moja ya kuirudia.

Kuhusu kubuni mpangilio wenu, Mwalimu, hapana haja. Liblouis ina jedwali la Kilithuania la nukta nane, na NVDA inalo katika orodha yake ya majedwali ya kutoa na ya kuingiza. Chagueni hilo katika yote mawili, ili anachoandika kiwe sawa na anachosoma. Sitaziorodhesha hapa nukta za kila herufi, kwa sababu orodha zilizonakiliwa kwa mkono jukwaani husafiri pamoja na makosa yake. Faili la jedwali ni maandishi ya kawaida, mnaweza kulifungua na kusoma mstari mmoja mmoja.

Msomaji wa Iringa

Mwalimu, hongera kwa kazi. Mimi sioni, nasoma kwa vidole, na Kijerumani nilijifunza kwa nukta nundu za kompyuta. Ningependa kuongezea yale ambayo fundi, kwa kuwa anatumia macho, huenda hayamgusi.

Kwanza nukta sita au nane. Nukta sita zinatoa michoro 64 tu ukihesabu na nafasi tupu, kwa hiyo herufi kubwa inahitaji seli ya ishara mbele yake, na namba nazo zinahitaji ishara yake. Ni mwandiko mzuri wa kitabu. Nukta nane zinatoa michoro 256, na hapo inawezekana kila alama ya kwenye skrini iwe seli moja na seli moja iwe alama moja. Herufi kubwa ni ile ile ndogo ikiongezewa nukta ya 7. Mtu anayejifunza tahajia ya lugha ngeni anafaidika sana na mpango huo, kwa sababu akihesabu seli amehesabu herufi, na akibonyeza kitufe cha juu ya seli, kishale, yaani alama ya mahali unapoandika, kinakwenda hasa kwenye herufi hiyo. Ningemshauri binti asome kwa nukta nane kwenye kifaa na ajifunze pia nukta sita za Kilithuania kwa ajili ya vitabu vya karatasi, maana Vilnius kuna maktaba ya wasioona, na atakapoanza kuazima vitabu hatataka kuanza upya.

Pili, ajue mapema kwamba nukta nane hazina mpango mmoja wa dunia nzima. Michoro 256 inatosha alfabeti ya lugha moja pamoja na namba na alama zake, haitoshi Unikodi yote, kwa hiyo kila nchi imechagua ni nini kipewe seli yake. Hapo ndipo herufi zenye alama hugombana na tarakimu. Katika nukta nane za Kijerumani tarakimu hutengenezwa kwa kuchukua herufi a hadi i na kuongeza nukta ya 6, hivyo 1 ni nukta 1 na 6. Lakini nukta 1 na 6 katika Kipolandi ni herufi ą. Ukisoma waraka wa Kipolandi ukiwa umesahau kuliondoa jedwali la Kijerumani, unakutana na herufi mahali ambapo kidole kilitarajia namba, au kinyume chake, na hakuna kitu kitakachokuonya, kwa sababu nukta zenyewe ni halali kabisa. Walithuania wanaujua mgongano huo hata kwenye kibodi ya kawaida: katika mpangilio wao wa Windows, vitufe vya 1 hadi 8 vinatoa ą, č, ę, ė, į, š, ų na ū, nayo ž imekaa kwenye kitufe cha alama ya sawasawa, na mtu akitaka namba kutoka safu hiyo hubonyeza kitufe cha ziada. Kwa hiyo somo la kwanza la binti liwe kusoma tarakimu 0 hadi 9 katika jedwali jipya, kabla hata ya herufi. Anaweza kudhani kwamba tarakimu anazijua, na hapo ndipo atakapojikwaa kwenye namba za simu na tarehe.

Tatu, kishale. NVDA ikiwa kama ilivyosakinishwa huonyesha kishale kwa nukta za 7 na 8, na maandishi yaliyoteuliwa nayo huyaonyesha kwa nukta hizo hizo. Kishale kikikaa chini ya Š, huwezi kujua kwa kidole kama nukta ya 7 ni ya herufi kubwa au ni ya kishale. Katika mipangilio ya nukta nundu abadilishe umbo la kishale liwe nukta ya 8 peke yake, na aache kipepese, ili kila kinapotoweka herufi ibaki yenyewe.

La mwisho ni jambo litakalomfanya asimtegemee mtu mwenye macho kila faili linapofika. Aweke kishale kwenye herufi anayoitilia shaka na abonyeze kitufe cha 2 cha pedi ya namba mara tatu kwa haraka. NVDA itamtajia namba ya herufi hiyo. Akisikia 269 ana č halisi. Akisikia 232 ana è, na hapo anajua, bila kuuliza mtu, kwamba faili ni la usimbaji wa zamani wa Baltiki, kwa mfano Windows-1257, lililosomwa vibaya. Akisikia 97 na herufi inayofuata ni 808, hiyo ni a na kimkia kilichoachana.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Marahaba, Fundi, na asante sana Msomaji. Nimezisoma hoja hizi mbele ya mwenzangu, naye amekubali kwamba waraka usio na alama tuurudishe kwa aliyeutuma na kumwomba ule wa asili.

Faili la kwanza limefunguka kwa Windows-1257, na ačiū sasa ni ačiū. Binti mwenyewe ndiye aliyelithibitisha kwa kitufe hicho cha 2, na alifurahi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu amechoka kuambiwa "hapa kuna herufi ya ajabu" na watu wasioweza kumwambia ni ipi.

Limebaki la karatasi. Tunayo printa ya nukta nundu ya nukta sita, na ningependa kumchapia masomo ya mwanzo ayasome hata umeme ukikatika. Je, naweza kuchapa moja kwa moja kile kinachoonekana kwenye kifaa?

Fundi wa Mafinga

Hapana, Mwalimu. Printa ya nukta sita haina mahali pa kuchapa nukta ya 7 na ya 8, na ukiipelekea seli za nukta nane utapoteza safu nzima ya chini. Herufi kubwa zote zitashuka kuwa ndogo, na kama jedwali limetofautisha alama mbili kwa nukta ya 7 au ya 8 pekee, zitakuwa kitu kimoja kwenye karatasi. Kwa karatasi tafsiri upya kutoka kwenye maandishi ya UTF-8 kwa jedwali la Kilithuania la nukta sita, ndipo upeleke kwa printa.

Programu ya kutafsiri itakupa faili la BRF, nalo litakushangaza ukilifungua kwa macho. BRF hutumia alama 64 za ASCII, yaani alama za kawaida za kibodi, kuwakilisha michoro 64 ya nukta sita, kwa hiyo mchoro ambao haumo kati ya herufi a hadi z utauona kama tarakimu au alama ya uandishi: nukta 1 na 6 zitaonekana kama nyota, nukta 1, 4 na 6 zitaonekana kama alama ya asilimia. Usijaribu "kusafisha" nyota hizo wala kuzibadilisha kwa herufi. Faili la BRF halina tena habari ya lugha, lina michoro tu, na ukiligusa kwa mkono umeharibu ukurasa. Kama kuna neno la kurekebisha, lirekebishe kwenye faili la asili na utafsiri tena.

Mhariri wa Tukuyu

Naomba radhi kuingilia, lakini mazungumzo haya yananigusa kwa karibu. Huku Rungwe ninasaidia kuandaa vitabu vya kusomea vya Kinyakyusa. Lugha yetu ina irabu saba, na katika tahajia tunayoitumia irabu mbili kati ya hizo huandikwa ɨ na ʉ, yaani i na u zilizokatwa kwa kistari. Mzazi mmoja ameniuliza kama mwanawe asiyeona ataweza kuvisoma vitabu hivi kwenye kompyuta, nikakosa la kumjibu. Je, yaliyosemwa kuhusu Kilithuania yanatuhusu, au sisi tuandike i na u tu?

Fundi wa Mafinga

Yanakuhusu, Mama Mhariri, kasoro sehemu moja. Ile ya usimbaji wa zamani haitakusumbua, kwa kuwa herufi zako hazikuwahi kuwa kwenye Windows-1252 wala 1257. Ziko katika Unikodi, U+0268 na U+0289, na kubwa zake ni U+0197 na U+0244. Ukihifadhi kwa UTF-8 umemaliza hatua ya kwanza.

Pengo liko kwenye hatua ya pili. Liblouis ina majedwali ya Kiswahili yaliyoandaliwa kwa ajili ya Kenya, lakini Kiswahili hakina ɨ wala ʉ, kwa hiyo zikitokea zisipotajwa na jedwali msomaji atapata namba badala ya herufi. Jedwali la nukta nane linaweza kuongezewa mistari kama hii, ambayo ni pendekezo tu la kuonyesha namna inavyofanyika:

lowercase \x0268 248
uppercase \x0197 2478
lowercase \x0289 1368
uppercase \x0244 13678

Nimechukua i, ambayo ni nukta 2 na 4, na u, ambayo ni 1, 3 na 6, nikaziongezea nukta ya 8 kuonyesha kistari, na nukta ya 7 kwa herufi kubwa kama kawaida. Kabla ya kuutumia, mtu aangalie jedwali zima kama michoro hiyo minne haijapewa alama nyingine, kisha alipitishe kwenye lou_checktable, programu ndogo inayokuja na Liblouis, ambayo itamwambia kama kuna mstari ulioandikwa vibaya. Mgongano wa michoro ataukagua mwenyewe.

Msomaji wa Iringa

Fundi, pendekezo lako linasomeka vizuri kwenye kifaa, nimelijaribu kwa kidole. Lakini naomba tusimame hapo kwanza. Nukta ya 8 haipo kwenye karatasi wala kwenye mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ambayo ina vitufe sita vya nukta, na watoto wengi wa mikoa yetu wataanza na Perkins au kibao na sindano muda mrefu kabla ya kugusa kompyuta. Tukianza na nukta nane, mtoto wa Rungwe atakuwa na ɨ kwenye kompyuta na hatakuwa nayo daftarini.

Kilithuania kilikwenda kwa mpangilio ulio bora zaidi: herufi hizo tisa zilikuwa na seli zao za nukta sita kwenye vitabu, na kompyuta ikaja baadaye. Ningependekeza Mama Mhariri akae na wasomaji wasioona wanaozungumza Kinyakyusa, pamoja na walimu wao, wakubaliane kwanza juu ya mchoro wa nukta sita kwa ɨ na kwa ʉ, usiogongana na herufi wala alama wanazozitumia katika Kiswahili, kwa kuwa mtoto atasoma lugha zote mbili darasani. Wakishakubaliana, kuongeza nukta ya 7 kwa herufi kubwa ni kazi ya mstari mmoja. Na kwa vyovyote vile vitabu viendelee kuandikwa kwa ɨ na ʉ tangu sasa, kwa sababu jedwali linaweza kuongezwa mwakani na vitabu vya leo vikasomeka, ila kitabu kilichoandikwa i na u tupu hakuna jedwali litakalokirudishia irabu zake.

Mhariri wa Tukuyu

Nashukuru sana, Msomaji. Nimeelewa. Nitawatafuta wasomaji hao kwanza, na nitamjulisha mzazi yule kwamba vitabu havitabadilishwa tahajia.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Mama Mhariri, utakapowakutanisha wasomaji hao, nipo tayari kuja na mashine za Perkins na karatasi ili michoro ijaribiwe kwa vidole pale pale. Kutoka Uyole hadi Tukuyu si mbali. Binti naye ameomba aje kabla hajasafiri. Yeye ni Mnyakyusa, na ameniambia kwamba ameshaanza kuandika orodha ya maneno ambayo kwayo i na ɨ zikichanganywa maana inapotea.

Kwa upande wa Kilithuania, jedwali la nukta nane tumeliweka kwenye kutoa na kuingiza, kishale ni nukta ya 8, usawazishaji wa Unikodi umewashwa. Ile sentensi ya upanga na tikitimaji imefika leo kutoka Kaunas kwa UTF-8, na ameisoma yote, herufi tisa zikiwa mahali pake, kisha akaiandika upya kwa vitufe vya kifaa na kuirudisha kwa aliyeituma. Tunasubiri jibu lake kama na huko imefika hivyo hivyo.